Kifaru cha Boksi la Dawa ya Meno

Nikiwa field Shelui, nilifundisha Vita vya Kagera kwa mdomo tu, vipindi viwili. Wanafunzi wakakariri tarehe, basi. Kipindi cha tatu nikaja na maboksi matupu, gundi na mkasi. Mwenzangu unayejiandaa kwenda field, jaribu hivi:

1. Tumia skeli ya 1:100. Kifaru cha Type 59, kilichotoka China na kutumiwa na JWTZ, kina mwili wa mita 6 hivi kwa 3.3. Chako kitakuwa sentimita 6 kwa 3.3.

2. Kata boksi kwa kipimo hicho, ukiongeza sentimita 1 kila upande. Kunja, gundisha kona. Mwili tayari.

3. Bandika kizibo cha soda juu, kiwe kichwa. Njiti ya ufagio ndiyo mzinga.

4. Chora sakafuni kwa chaki Mto Kagera na daraja la Kyaka. Kila kundi lirushe dadu, lisogeze vifaru.

Katikati ya mchezo nikalifuta daraja. Novemba 1978 jeshi la Amin lililivunja kweli. Kelele zikakatika. Binti mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, tunavukaje?" Hapo ndipo somo lilipoanza: JWTZ ilitandaza daraja la muda, ikavuka.

Ila usihesabu vifaru vilivyoteketea kama magoli. Mwishoni niliuliza, "Ndani alikuwemo nani?" Mmoja akajibu taratibu, "Babu."

Hakuna aliyecheka. Tarehe hiyo hawataisahau.