Mbu Mgeni Ndani ya Pipa Lako

Je, wewe ni kijana wa mjini unayedhani malaria ni ya watu wa shamba tu? Basi soma habari za mbu anayeitwa Anopheles stephensi.

Kwao ni Asia Kusini na Uarabuni. Mwaka 2012 aligunduliwa Jibuti. Mwaka huo nchi hiyo iliripoti wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka 2020 walizidi 73,000! Wataalamu wanaona mbu huyu amechangia sana. Tangu hapo ameonekana Ethiopia, Sudan, Somalia, Nigeria, na mwishoni mwa 2022 huko Marsabit, Kenya.

Anawazidije mbu wenyeji?

Si kwa kupigana nao. Mbu wetu kama Anopheles gambiae hupenda madimbwi ya mvua. Kiangazi kikija madimbwi hukauka, nao hupungua. Mgeni hana shida hiyo. Yeye hutaga kwenye maji tuliyojiwekea: pipa, tangi, shimo la ujenzi, hata tairi bovu. Bomba likikatika tunajaza mapipa, naye anapata nyumba mwaka mzima. Tena dawa nyingi za kuulia mbu hazimwezi, na huuma hata nje, jioni mapema, wakati wewe bado unapiga stori kibarazani.

Tufanye nini?

Hatukuambii uache kuweka maji. Maji ni lazima. Ila:

1. Funika pipa vizuri. Kama halina mfuniko, funga kitambaa safi kisichoacha upenyo.
2. Kila wiki maliza maji ya pipa, lisugue ndani, ndipo ujaze upya. Kiluwiluwi huhitaji kama wiki moja au zaidi kuwa mbu.
3. Toboa au ondoa matairi na makopo yanayotuama maji.
4. Ukipata homa, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Usiseme "hapa mjini hakuna malaria" ukameza panadol ukalala.

Zoezi la leo

Chungulia ndani ya pipa la nyumbani. Kiluwiluwi aliyelala sambamba na uso wa maji ni wa jamii ya mbu wa malaria. Anayening'inia kichwa chini ni wa jamii nyingine, na baadhi yao huleta dengue. Wote wamwage! Halafu kamwonyeshe jirani, maana mbu wa pipa lake atakuuma wewe pia.