Nafasi ya Korasi katika Chanzo na Maendeleo ya Tamthiliya ya Ugiriki na Roma ya Kale

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi wasomao tamthiliya za Ugiriki ya kale hukutana mara kwa mara na sehemu wanazoziona kuwa kikwazo. Mazungumzo ya wahusika hukatika, kundi la wazee, wanawake au mateka huimba beti kadhaa, kisha mazungumzo huendelea. Aliyesoma Mfalme Edipode, tafsiri ya Kiswahili ya tamthiliya ya Sophocles iliyofanywa na Samuel S. Mushi na kuchapishwa mwaka 1971, anaifahamu hali hiyo. Katika maandishi, nyimbo hizo huweza kuonekana kama pambo lililopachikwa kati ya matukio. Kihistoria, hali ilikuwa kinyume. Nyimbo ndizo zilizotangulia. Mazungumzo ndiyo yaliyopachikwa.

Makala haya yanalifuatilia kundi hilo la waimbaji na wachezaji, yaani korasi, tangu chanzo cha tamthiliya mjini Athens hadi Roma ya makaisari. Hoja inayojengwa ni kwamba mabadiliko ya korasi hayakuwa suala la fani peke yake. Korasi ya Athens ilikuwa raia wenyewe waliopanda mbele ya raia wenzao. Kadiri ilivyosogezwa pembeni, ndivyo uhusiano baina ya jukwaa na jamii ulivyobadilika.

2.0 Chanzo: Kutoka Dithirambi hadi Mwigizaji

Maelezo ya kale yenye uzito zaidi kuhusu chanzo cha tamthiliya ya Kigiriki yamo katika Poetics ya Aristotle, iliyoandikwa katika karne ya 4 K.K. Kwa mujibu wa Aristotle, tanzia ilitokana na viongozi wa dithirambi, yaani wimbo wa kundi ulioimbwa kwa heshima ya mungu Dionysus. Futuhi nayo ilitokana na viongozi wa nyimbo za uzazi zilizoimbwa katika maandamano. Aristotle aliandika takriban miaka 200 baada ya matukio anayoyaeleza, na wataalamu wa leo hawaafikiani juu ya usahihi wa kila kipengele cha maelezo yake. Hata hivyo, jambo moja linaungwa mkono na tamthiliya zenyewe: kundi lilikuwapo kabla ya mtu mmoja kujitenga nalo.

Mapokeo yanamtaja Thespis kuwa ndiye aliyejitenga hivyo kwa mara ya kwanza, yapata mwaka 534 K.K. Aliacha kuimba pamoja na kundi, akasema nalo akiwa mtu mwingine. Neno la Kigiriki la mwigizaji hufasiriwa na baadhi ya wataalamu kuwa “mjibuji” na wengine kuwa “mfafanuzi”. Tafsiri zote mbili zinamweka mwigizaji katika uhusiano na wengine: humjibu mtu, au humfafanulia mtu. Mtu huyo alikuwa korasi.

Aristotle anaeleza zaidi kwamba Aeschylus aliongeza mwigizaji wa pili na kupunguza sehemu za korasi, na kwamba Sophocles aliongeza wa tatu. Hatua ya Aeschylus ndiyo iliyokuwa ya msingi. Palipokuwa na mwigizaji mmoja, mgogoro uliweza kuwa tu baina ya mtu na kundi. Walipokuwa wawili, mgogoro uliweza kuwa baina ya mtu na mtu, na kundi likawa shahidi.

3.0 Korasi kama Wajibu wa Raia

Tanzia zilionyeshwa hasa katika Dionisia ya Mji, sikukuu iliyofanyika Athens kila majira ya kuchipua, katika kiwanja kilichokuwa chini ya mteremko wa kusini wa Akropoli. Mshairi aliyetaka kushiriki alipeleka maombi kwa arkoni, mtawala wa mwaka. Lugha ya maombi hayo ina maana kubwa kwa mjadala huu: mshairi alisemwa kuwa “anaomba korasi”, na arkoni alisemwa kuwa “anatoa korasi”. Kupewa korasi ndiko kulikokuwa kupewa nafasi ya kuonyesha tamthiliya.

Gharama za kuifundisha na kuivisha korasi hazikulipwa na mshairi. Arkoni alimteua raia tajiri kuzibeba, na huo ulikuwa wajibu wa lazima kwa dola, sawa na wajibu wa kugharimia manowari. Mwaka 472 K.K., Pericles, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi mashuhuri, aligharimia korasi ya Waajemi ya Aeschylus, tamthiliya ya zamani kuliko zote zilizosalia.

Idadi ya washiriki nayo inafaa kuzingatiwa. Katika mashindano ya dithirambi, kila kabila kati ya makabila 10 ya kiraia ya Athens lilileta korasi mbili za watu 50 kila moja. Korasi 10 zilikuwa za wanaume na 10 za wavulana. Korasi ya tanzia ilikuwa na watu 12, na baadaye 15; ya futuhi ilikuwa na watu 24. Hivyo, katika sikukuu moja, zaidi ya watu 1,000 waliimba na kucheza mbele ya mji. Katika Dionisia hiyo walitakiwa kuwa raia, na wote walikuwa wanaume, hata pale korasi ilipowakilisha wanawake. Wengi wa watazamaji, kwa hiyo, walikuwa wamewahi kusimama pale chini au walikuwa na ndugu aliyesimama pale.

Waajemi inaonyesha uzito wa jambo hili. Ilionyeshwa miaka 8 tu baada ya Wagiriki kuwashinda Waajemi katika vita vya majini vya Salamis mwaka 480 K.K. Korasi yake ni ya wazee wa Uajemi wanaoomboleza vijana wao waliokufa. Raia wa mji ulioshinda walivaa barakoa za wazee wa adui na kulia kilio chao, mbele ya watazamaji ambao wengi wao walikuwa wamepigana vita hivyo. Hakuna mwigizaji mmoja ambaye angeweza kulibeba jambo hilo kwa niaba ya mji.

4.0 Je, Korasi Ilififia kwa Hatua Sawa?

Vitabu vingi vya zamani vilieleza historia ya korasi kama mstari ulionyooka: mwanzoni korasi ni kila kitu, kisha inapungua tamthiliya hadi tamthiliya. Kwa mujibu wa mtazamo huo, Waomba Hifadhi ya Aeschylus, ambamo korasi ya mabinti wa Danaus ndiyo mhusika mkuu, ilidhaniwa kuwa tamthiliya ya zamani kuliko zote. Mwaka 1952 kilichapishwa kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus nchini Misri ambacho kilionyesha kwamba mashindano ambamo tamthiliya hiyo ilishinda yalimhusisha pia Sophocles. Sasa wataalamu wengi huiweka kwenye miaka ya 460 K.K., baada ya Waajemi. Vivyo hivyo, Euripides, ambaye mara nyingi hulaumiwa kwa kuitenga korasi na matukio, aliacha tamthiliya iliyoonyeshwa baada ya kifo chake, Bacchae, ambamo korasi ya wanawake wafuasi wa Dionysus imo katika kiini cha mgogoro.

Ushahidi huu unafundisha kwamba ukubwa wa nafasi ya korasi ulikuwa uamuzi wa mshairi kulingana na maudhui yake, si alama ya umri wa kazi. Hata hivyo, mwelekeo wa jumla haukanushiki. Aristotle anashauri korasi ichukuliwe kuwa mmojawapo wa waigizaji, kama alivyofanya Sophocles, na analalamika kwamba tangu Agathon, nyimbo zake zimekuwa za kujazia tu, ambazo zingeweza kuhamishiwa katika tamthiliya nyingine yoyote.

5.0 Ushahidi wa Futuhi

Mabadiliko hayo yanaonekana wazi zaidi katika futuhi. Katika kazi za awali za Aristophanes, korasi ilikuwa na sehemu maalumu iitwayo parabasi, ambapo ilisogea mbele na kuwaambia watazamaji moja kwa moja maoni juu ya mambo ya mji. Katika Vyura, iliyoonyeshwa mwaka 405 K.K., korasi inawashauri Waathens wawarudishie haki raia waliokuwa wamenyang’anywa. Mwaka uliofuata Athens ilishindwa vitani na Sparta.

Katika Utajiri ya mwaka 388 K.K., parabasi haimo tena. Katika sehemu kadhaa, hati za kale zina neno moja tu linaloonyesha kwamba hapo korasi ilitumbuiza. Maneno ya wimbo hayakuandikwa. Kufikia Dyskolos ya Menander, iliyoshinda mwaka 316 K.K., korasi ni kundi la walevi linalopita baina ya matendo matano ya tamthiliya. Maudhui nayo yamehama kutoka barazani hadi nyumbani: mapenzi, ndoa na tabia za wazee. Wakati huo Athens ilikuwa chini ya mamlaka ya Makedonia. Si sahihi kudai kwamba siasa peke yake ndiyo iliyoiua korasi, kwani kukua kwa taaluma ya uigizaji na kuonyeshwa kwa tamthiliya za Kigiriki katika miji mingine pia kulichangia. Lakini kundi lililowashauri raia juu ya dola halikuwa na la kushauri pale ambapo uamuzi mkubwa wa dola haukuwa tena mikononi mwa raia hao.

6.0 Roma: Korasi Inapokwa Kiwanja

Roma iliipokea tamthiliya ya Kigiriki ikiwa katika hali hiyo. Mwaka 240 K.K. Livius Andronicus, ambaye kwa asili alikuwa Mgiriki, alionyesha tamthiliya kwa Kilatini iliyotokana na ya Kigiriki. Baada yake, Plautus na Terence walitumia futuhi za Menander na wenzake kama malighafi. Terence, aliyeandika tamthiliya 6, anasemekana kuwa alizaliwa Carthage katika Afrika ya Kaskazini na kufikishwa Roma akiwa mtumwa. Katika futuhi hizo korasi karibu haipo. Wavuvi wanaotokea kwa muda mfupi katika Rudens ya Plautus ni masalia tu. Muziki, hata hivyo, haukufa: Plautus aliuhamishia kwa wahusika wenyewe.

Maonyesho ya Roma yaligharimiwa na watawala katika sikukuu za dola, na waigizaji wengi walikuwa watumwa au watu wa hadhi ya chini. Sheria ya Kirumi iliihesabu kazi yao kuwa ya aibu. Raia akawa mtazamaji, si mshiriki.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika majengo. Vitruvius, mhandisi wa zama za Augustus, anaeleza kwamba jukwaa la Kirumi lilipaswa kuwa pana kwa sababu wasanii wote walitumbuiza hapo, na kuwa chini, lisizidi futi 5, kwa sababu okestra ilikuwa na viti vya maseneta. Okestra ndicho kiwanja ambacho kwa Wagiriki kilikuwa cha korasi. Pale waliposimama raia wa kawaida, sasa walikaa wakubwa, nao wasingeweza kuona iwapo jukwaa lingekuwa juu sana.

Korasi ilirejea katika tanzia za Seneca, aliyefariki mwaka 65 B.K., lakini humo huimba zaidi baina ya matendo. Katika onyesho la kimya lililopendwa zama za makaisari, korasi iliimba huku mchezaji mmoja mwenye barakoa akiigiza wahusika wote. Mtu mmoja alikuwa amejitenga na kundi. Sasa kundi lilikuwa likimtumikia yeye.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tamthiliya ya Ugiriki na Roma ilianza na kundi na ikaishia kwa mtu mmoja, ingawa safari hiyo haikuwa ya mstari ulionyooka. Katika safari hiyo sanaa ilipata mambo mengi: mgogoro wa mtu na mtu, uchambuzi wa tabia, na ustadi wa mwigizaji aliyebobea. Ilichopoteza ni desturi ya mji kujisikiliza kwa sauti za watu wake wenyewe. Msomaji anayeziruka nyimbo za korasi ili awahi mazungumzo anarudia, bila kujua, kile kilichofanywa na historia. Akizisoma kama maneno ya watu kumi na watano waliosimama mbele ya jirani zao, ataziona kuwa ndizo shina ambalo mazungumzo yote yalichipukia.