Dondoo muhimu: Kuchagua betri za kuchaji

Ukiona betri ya saizi ya AA imeandikwa 5000 mAh, mrudishie muuzaji. Betri ya kuchaji ya Ni-MH ya saizi hiyo kwa kawaida hubeba 2000 hadi 2700, na AAA hubeba 750 hadi 1000 hivi. Ipime mkononi pia: AA ya kweli huwa na uzito wa gramu 25 hadi 30. Ikiwa nyepesi mno, ndani hamna cha maana.

Kwa matumizi ya nyumbani tafuta zile zilizochajiwa tangu kiwandani, kama Eneloop. Hizo hutunza chaji miezi mingi zikiwa kabatini, ilhali za aina ya zamani hujiishia zenyewe.

Usibane pesa kwenye chaja. Chukua inayochaji kila betri peke yake na kujizima ikijaa, maana joto kali ndilo linalozimaliza mapema. Betri za kawaida usizitie humo kamwe. Zinaweza kuvuja au hata kupasuka.

Betri za kuchaji zitumie kwenye tochi, redio na midoli ya watoto. Saa ya ukutani na rimoti hula umeme kidogo sana, kwa hiyo alkalini ya kawaida inatosha.