Mungu Muumba na Mageuko ya Viumbe

Katika Ruashi, mtaa wa mji wa Lubumbashi, alikuwako mama mmoja mkatekumeni aliyengoja kubatizwa katika Kesha la Pasaka. Siku moja mwanawe, mwanafunzi wa shule ya sekondari, alirudi nyumbani na daftari la somo la biolojia. Ndani yake yaliandikwa maneno haya: viumbe vyenye uhai havikuwa tangu awali kama vilivyo leo, bali vimegeuka kidogo kidogo katika muda wa mamilioni ya miaka. Jirani aliyesikia habari hiyo akamwambia yule mama: «Mwana wako anafundishwa kumkana Muumba. Mtoe shuleni, ama sivyo usithubutu kuomba Ubatizo.» Mama akalificha daftari chini ya godoro. Usiku ule hakulala, maana karo ya mtoto alikuwa amekwisha kuilipa kwa fedha za mihogo aliyouza sokoni. Kulipokucha akaenda misioni.

«Padre,» akauliza, «nichague lipi, shule ya mtoto au Ubatizo wangu?»

Padre hakumjibu papo hapo. Alimwuliza kwanza kama amepata kuona mahali pa Kalukuluku.

Swali hilo lilikuwa na maana yake. Kalukuluku ni jina la kienyeji la machimbo ya Étoile, karibu na Ruashi. Huko ndiko ilikotoka shaba iliyoyeyushwa kwanza Lubumbashi na Union Minière, mwaka 1911. Tena mtu akitembea katika nchi ya Katanga yenye shaba, huona jambo la ajabu: msitu wa miombo waenda, waenda, kisha miti hukoma ghafla, yakabaki majani mafupi na maua madogo tu. Shaba ikizidi katika udongo ni sumu kwa mizizi. Mimea mingi hufa. Lakini ipo mingine inayositawi papo hapo penye sumu. Mmoja wao huitwa «ua la shaba», na wataalamu huuita Haumaniastrum katangense. Wachimbaji walipouona walijua kwamba shaba iko chini. Mwingine, Crepidorhopalon perennis, wajulikana pale Étoile peke yake, wala si mahali pengine duniani. Na yasikitisha kwamba machimbo yamekula makao yake. Mbelgiji Paul Duvigneaud aliichunguza sana mimea hii ya Katanga, akaandika habari zake mwaka 1963.

Je, mmea hujifunzaje kuishi katika sumu? Haujifunzi. Mbegu hazifanani zote, kama vile watoto wa tumbo moja wasivyofanana. Huko Uingereza mtaalamu A. D. Bradshaw na wenzake walipanda mbegu za majani ya kawaida ya malisho katika udongo wa machimbo ya shaba. Karibu zote zikafa. Chache mno zikaishi, kwa kuwa zilikuwa na nguvu ambayo wenzao hawakuwa nayo. Zile zinazoishi ndizo zinazozaa, na uzao wao huirithi nguvu hiyo. Vizazi vikipita vingi, mmea wa mahali pale huwa mbali na ndugu zake wa msituni. Habari hii ndiyo iitwayo mageuko ya viumbe, ambayo Mwingereza Charles Darwin aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859. Na jinsi mzazi anavyompa mtoto urithi wa mwili, aliyeivumbua kwanza kanuni yake alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri ya Brno, akazihesabu mbegu zake mwaka hata mwaka, na kuchapisha matokeo mwaka 1866. Hakuona kwamba kuhesabu njegere kwamwibia Mungu utukufu wake.

Yafaa kutazama njia waliyoifuata watu hao. Hawakusema, «Nadhani,» wakaishia hapo. Walipanda, wakangoja, wakahesabu, wakawaachia wengine wajaribu tena. Hata homa ya malaria yathibitisha faida ya elimu hii. Watu wazima wakumbuka klorokini, dawa iliyoponya wengi zamani, kisha ikashindwa katika Kongo. Vijidudu vichache vilivyoistahimili viliishi na kuzaana, vile dhaifu vikafa. Mtoto asiyefundishwa jambo hili atadhani kwamba dawa imerogwa.

Mama akauliza tena: «Na nyani, Padre? Jirani asema mtoto anafundishwa kwamba sisi tu watoto wa nyani.»

Padre akamweleza kwamba elimu haisemi kuwa nyani wa leo alimzaa mtu. Yasema kwamba mwili wa mtu na miili ya wanyama hao ina asili moja ya kale sana. Kuhusu neno hili Kanisa limesema wazi. Baba Mtakatifu Pius wa 12, katika waraka wake Humani generis wa tarehe 12 Agosti 1950, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu umetoka katika kitu kilichokuwa na uhai tayari. Lakini akashika imara kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Naye Yohane Paulo wa 2, tarehe 22 Oktoba 1996, alikiri kwamba kwa maarifa mapya mafundisho ya mageuko yamekuwa zaidi ya dhana tupu. Roho haipimwi kwa mizani wala haionekani kwa darubini. Mwalimu wa biolojia akisema kwamba kwa hiyo haipo, hapo ametoka nje ya somo lake. Kadhalika mwalimu wa dini akitaka kuhesabu miaka ya mawe kwa Kitabu cha Mwanzo, naye ametoka nje ya lake. Kitabu hicho chamfundisha mtu ni nani aliyeumba vyote, na ya kuwa vyote ni vyema.

Tena Padre akamkumbusha Mtakatifu Augustino, Mwafrika, aliyekuwa mkatekumeni miaka mingi kabla ya kubatizwa mwaka 387. Katika maelezo yake ya Kitabu cha Mwanzo aliwaonya Wakristo wanaosema upuuzi juu ya nyota na viumbe kana kwamba ni neno la Maandiko. Wasioamini wanaojua mambo hayo huwacheka, kisha huyadharau Maandiko yenyewe hata katika yale yahusuyo wokovu.

«Basi sichagui?» akauliza mama.

«Huchagui, Mama. Mrudishie mtoto daftari lake.»

Akalitoa chini ya godoro jioni ile ile, akamwomba mwanawe amsomee, kwa kuwa yeye mwenyewe alisoma kwa shida. Mahali pawili mtoto alishindwa kueleza. Mama akamwagiza akamwulize mwalimu wake. Katika Kesha la Pasaka alibatizwa kwa jina la Monika, mama yake Augustino. Jirani alikuja kumpongeza. Kabla ya kuondoka aliomba kuliona daftari, akasoma ukurasa mmoja polepole, akalirudisha mezani, akauliza kama hilo ua la shaba laweza kuonekana bado.

Mtoto akamjibu kwamba laonekana, mvua zikiisha.