Mafunzo Niliyopata kwa Kutunga Uzamili wa Watu Wenye Kazi

Kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye kamati za mitaala katika chuo kimoja cha eneo la Kisumu, tukitunga shahada za uzamili za watu walioajiriwa: wauguzi, maafisa wa uvuvi, wahandisi wa maji, walimu. Wazo la kuchanganya fani katika shahada moja si geni hapa. TICH, taasisi iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Great Lakes cha Kisumu, ilifundisha afya ya jamii na maendeleo kwa pamoja zamani kabla yetu.

1. Tangulizeni tatizo, idara zitafuata.
Kikao cha kwanza kila idara hufika na kozi zake mkononi, zile zile inazofundisha siku zote. Mkizikubali zote, mtapata shahada ndefu isiyo na mshipi. Sisi tulianza na tatizo moja, gugumaji. Lilionekana upande wa Kenya wa Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990. Mwaka 1997 wakaachiliwa fukusi wa kulila, likapungua, kisha mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zikalirudisha. Mwanabiolojia atakueleza habari za fukusi. Lakini rutuba inayolinenepesha huteremka na mito kama Nyando kutoka mashambani, nyingine hutoka kwenye majitaka ya mji, kwa hiyo unamhitaji mtu wa kilimo na mhandisi. Konokono wa kichocho hujificha humo. Muuguzi naye ana neno. Na mvuvi wa Dunga ambaye mashua yake imezingirwa anataka kujua hasara ya siku hiyo ni ya nani. Tuliliweka gugumaji katikati ya muhula wa kwanza, tukauliza kila idara ina mchango gani hapo. Kozi fulani yenye watetezi wakali ilianguka bila hata kupigiwa kura.

2. Kalenda ina nguvu kuliko mtaala.
Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, tunapokea maafisa wengi wa kaunti, na Juni hakuna anayeonekana: wote wamezama kwenye vocha na ripoti za matumizi. Walimu nao hupotea wakati wa kusahihisha KCSE. Kuweka mtihani majira hayo ni kuwafukuza kwa adabu. Masomo ya jioni humfaa anayeishi Kondele, si anayetoka Mbita, ambaye lazima aiwahi feri ya Luanda Kotieno kisha atafute matatu ya Kisumu. Tukahamia wikendi nzima nzima. Ijumaa jioni utamkuta afisa wa uvuvi kiti cha nyuma, begi la nguo miguuni, anasinzia. Jumamosi asubuhi humnyamazishi.

3. Waacheni wabishane.
Somo tamu kuliko yote niliyohudhuria halikufundishwa na mhadhiri. Mhandisi alileta mchoro wa kikaushio cha omena. Muuguzi akauliza mama mwenye mtoto mgongoni atazifikiaje trei za juu. Mwenzao wa uvuvi akasema shida hasa ni mvua ya alasiri, kwani omena ikilowa mchangani, mnunuzi huihesabu chakula cha kuku. Mchoro ukafutwa nusu hapo hapo.

4. Mwanafunzi wa idara mbili hana kwao.
Msimamizi mmoja anataka takwimu, wa pili anataka mahojiano, na kila mmoja anamngoja mwenzake asome rasimu kwanza. Mkuu wa idara naye anauliza saa za usimamizi zihesabiwe wapi. Andikeni mapema nani anasaini na ndani ya muda gani. Ni karani tu anayeonekana kulijali jambo hili, lakini wengi wanaoacha masomo huishia hapa, wala si darasani.

5. Bosi asiwahoji watu wake.
Kibali cha utafiti cha NACOSTI kitapatikana, lakini aliye chini yako atakujibu unachopenda kusikia. Kwetu mahojiano ya ofisini mwako hufanywa na mwanafunzi mwenzako wa fani nyingine.

6. Tasnifu iwe na kurasa mbili za ziada.
Afisa mmoja wa kaunti aliyealikwa kwenye utetezi alisikiliza hadi mwisho, akasifu, kisha akaomba kitu anachoweza kukisoma kabla ya kikao cha bajeti. Sasa kila tasnifu huambatana na kurasa mbili za lugha nyepesi kwa ofisi inayohusika. Bado tunavutana na wenzetu wanaokataa kuzipa alama.