Nihamie Dodoma au Njombe ili nipumue vizuri?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu, nina miaka 38 na naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nina pumu tangu utotoni, na siku hizi sainasi nazo hazinipi nafasi: pua inaziba, paji la uso linauma, usiku nakohoa. Nimepata nafasi ya kuhama, ama Dodoma ama Njombe. Ndugu wengine wanasifia ukavu wa Dodoma, wengine hewa safi ya Njombe. Niende wapi?
Mwalimu, Mbagala

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Pua ikivimba kwa mzio, kifua nacho hakitulii, ndiyo maana shida zako mbili zinafuatana.

Ndugu zako wana hoja. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu ndio uhai wa utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyojificha kwenye magodoro, mito na makochi. Hewa ikibaki kavu kwa muda mrefu, chini ya asilimia 50 ya unyevu, vijidudu hivyo hufa. Kwa sababu hiyo mji wa Davos, Uswisi, ulio mita zipatazo 1,560 juu ya usawa wa bahari, ulipokea wagonjwa wa pumu kwa miaka mingi.

Lakini kila mji una lake. Dodoma ina utitiri na kuvu kidogo, ila kiangazi upepo hutimua vumbi, na mitaa mingi mipya bado ina barabara za udongo. Njombe haina vumbi hilo, ila baridi ya Juni na Julai hubana njia za hewa, na watu hufunga madirisha wakaota jiko la mkaa ndani. Moshi huo ni mbaya kwa pumu kuliko hewa nzito ya Mbagala.

Kwa hiyo nisingekuchagulia mkoa kabla hujajua adui wako. Omba kipimo cha mzio cha ngozi katika hospitali ya rufaa. Kikionyesha utitiri, Dodoma inaweza kukufaa. Kama kinachokubana zaidi ni vumbi la barabarani na moshi wa magari, fikiria Njombe, mradi upate nyumba isiyo na moshi.

Na popote uendapo, chagua nyumba kwa makini kuliko mji. Iwe mbali na barabara ya vumbi, mashine ya kusaga na jalala. Kuta zisiwe na madoa meusi ya kuvu. Jiko liwe nje au utumie gesi. Chumbani usiweke kapeti. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Dawa ya mbu ya kuchoma iache kabisa: watafiti waliopima mwaka 2003 waliona koili moja hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua kinatosha. Udi na ubani navyo viwe mbali na chumba chako.

Kabla ya kusaini uhamisho, nenda ukakae wiki mbili kwa jamaa katika msimu mbaya wa mji huo: Dodoma Agosti au Septemba, Njombe Julai. Pima nguvu ya pumzi asubuhi na jioni kwa kipima pumzi, na uandike.

Yote haya hayachukui nafasi ya dawa. Ukikohoa usiku, mara nyingi pumu yako haijadhibitiwa. Pampu ya bluu ya salbutamol hufungua kifua kwa saa chache tu. Muulize daktari kuhusu pampu ya kinga yenye steroidi, inayotumika kila siku hata ukijisikia mzima, na dawa ya kupuliza puani. Maumivu ya kichwa yasikupeleke kwenye aspirini au diklofenaki bila ushauri, maana kwa baadhi ya wenye pumu dawa hizo huleta shambulio.

Mwisho, ujue mapema hospitali ya karibu yenye oksijeni iko wapi. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au pampu ya bluu isipokupa nafuu, kimbilia huko, usingoje kuche.