Wadhamini wa Kujitolea: Walinzi wa Siri ya Mama

Mama wa Kiamaiko aliyepoteza mimba mara nyingi huambiwa, "Utapata mwingine," naye hunyamaza. Hapa Kenya, Wanjiru Kihusa, ambaye naye alipoteza mimba, alianzisha shirika la Still A Mum ili wazazi wa namna hiyo wapate wa kuwasikiliza.

Kundi kama hilo mtaani huhitaji wadhamini wa kujitolea. Kuwafariji wafiwa ni kazi ya washauri waliofunzwa. Wadhamini hulinda mambo matatu:

1. Lengo: michango isihamishiwe shughuli nyingine.
2. Pesa: asitoe mtu mmoja peke yake, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Mdhamini mwenye maslahi katika jambo ajiondoe linapoamuliwa.
3. Siri: majina ya akina mama yasitajwe kikaoni, wala habari zao zisifike sokoni. Siri ikivuja mara moja, mama mwingine hatakuja.

Chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, kundi linahitaji angalau watu 10. Andikeni katiba yenu kwanza, kisha mfike ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi.